Crash Team Racing: ugumu wa gemu ile ulikaa wapi hasa

Kwa waliokulia Mbeya, Iringa au Makambako miaka ya mwanzo ya 2000, ubishi wa Crash Team Racing haujawahi kwisha. Kaa na watu wa rika hilo, wengine sasa ni walimu, wengine wanaendesha malori ya Tunduma, kisha litaje jina la gemu. Utasikia nani alikuwa hashikiki banda gani la gemu, nani aliwahi kumfunga Oxide, mpinzani wa mwisho, na nani anadanganya. Kwenye jambo moja wote wanakubaliana: gemu ilikuwa ngumu. Sasa wengi wameirudia, kwa kompyuta, kwa simu, au kwa mashine ya zamani iliyokutwa juu ya kabati kwa wazazi, na wanatoka na majibu yanayopingana. Mmoja anasema imekuwa nyepesi. Mwingine, aliyekuwa bingwa wa mtaa, anaapa kwamba imekuwa ngumu kuliko alivyoiacha.

Wote wawili wanasema kweli. Ugumu wa gemu hii haukuwa kitu kimoja. Kulikuwa na ugumu uliowekwa na walioibuni, ugumu uliotokana na banda tulimochezea, na ugumu wa TV yenyewe. Utotoni vyote vilitujia vimefungwa pamoja, tukaviita kwa jina moja: mkono. Aliyeshinda ana mkono, aliyeshindwa hana. Mimi nashikilia kwamba katika hayo yote, mkono ulikuwa sehemu ndogo.

Kwa asiyeijua: Crash Team Racing ilitengenezwa na Naughty Dog, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Andy Gavin na Jason Rubin, ikatolewa na Sony mwaka 1999 kwa PlayStation ya kwanza. Ni mbio za vigari vidogo, madereva wanane njiani, kila mmoja akivunja masanduku apate silaha ya kumtupia mwenzake. Hadithi yake ni fupi. Nitros Oxide, dereva kutoka sayari nyingine, anakuja kumtafuta dereva bora wa dunia ashindane naye. Akishinda yeye, dunia nzima anaigeuza maegesho ya magari. Ili umfikie unatakiwa kushinda mbio 16 kwa vikombe 16, kisha kuwafunga mabosi 4, yaani wapinzani wakuu, na kuchukua funguo zao. Ukimfunga Oxide mara ya kwanza hakubali. Anakutaka urudi ukiwa na tuzo za muda za njia zote 18. Ndiyo maana ubishi wa nani "alimaliza gemu" hauishi: mmoja anahesabu pambano la kwanza, mwingine la pili.

Sasa banda. Mtoto wa Mwanjelwa au Sokomatola, au wa Kihesa na Mlandege kule Iringa, hakuwa na mashine nyumbani. Alikuwa na sarafu ya shilingi 100 na foleni mbele yake. Mwenye banda alitaka watu wawili kwenye kila TV, kwa sababu wawili wanalipa mara mbili. Kwa hiyo kioo kiligawanywa nusu kwa nusu, mkacheza nyinyi kwa nyinyi, anayefungwa anatoka. Upande wa safari, ule wa vikombe na funguo, ni wa mtu mmoja. Unakula muda na haumwingizii mwenye banda chochote cha ziada.

Halafu kuna memori kadi, ya kuhifadhia ulipofikia. Kadi ya PlayStation ya kwanza ilibeba kilobaiti 128 zilizogawanywa vyumba 15, na kadi moja ilitumiwa na mtaa mzima. Mpenzi wa mpira akitaka kuhifadhi ligi yake, anafuta chumba cha kwanza anachokiona, na safari yako ya vikombe sita inakwenda. Banda lisilo na kadi kabisa ndilo lililokuwa na haki zaidi, maana hapo hakuna aliyedanganywa: umeme ukikatika, kila kitu kinaanza upya. Na ulikatika kweli. Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya Mtera na Kidatu, mgao uliisimamisha nchi. Mabwawa hayo yote mawili yanategemea Ruaha Mkuu, mto unaopata maji yake kwenye milima yetu hii na kupita bonde la Usangu. Mvua ikiwa haba Mbeya, gemu inazimika Mbeya.

Kwa mpangilio huo, bosi wa kwanza tu, Ripper Roo wa Roo's Tubes, alikuwa mbali. Wengi walimjua Oxide kwa kusimuliwa. Si kwa sababu njia yake, Oxide Station, iliwashinda. Hawakuwahi kufika. Mtu wa aina hiyo akiirudia leo, anaweza kuhifadhi kila baada ya mbio na hakuna anayemsubiri mgongoni, lazima ataiona nyepesi. Kilichoondoka ni foleni.

Tukitoka kwenye uchumi wa banda tunaingia kwenye jambo zito zaidi, la maarifa. CD zilizofika kwetu zilikuwa za kunakili. PlayStation ya Sony ilijilinda kwa namna ya werevu: karibu na katikati ya CD halali, mstari wa data umetengenezwa ukiyumba kidogo, na ndani ya kuyumba huko kuna herufi zinazotaja eneo la dunia ambako CD ile imeruhusiwa. Mashine za kawaida za kunakilia hazikuweza kuandika huko kuyumba. Ndipo mafundi wakawa wanachomelea chipu ndogo ndani ya mashine, ambayo kazi yake ni kuitajia mashine herufi zile hata kama CD haina. Mashine yenye chipu inasoma chochote. Nyingine, za matoleo ya mwanzo, zilikuwa na tatizo jingine: kifaa cha kusomea kililegea kwa joto, basi zikapinduliwa zicheze miguu juu. Aliyepita mabandani anaijua picha hiyo.

CD ya kunakili inakuja ndani ya nailoni. Haina kijitabu. Na kijitabu cha gemu hii ndicho kilichoeleza vifungo vya muhimu kuliko vyote. Ndani ya gemu kulikuwa na mwalimu wa pili, Aku Aku, kinyago kinachotokea kwenye upande wa safari na kumweleza mchezaji namna ya kuteleza kwenye kona na kupata turbo, msukumo wa ghafla wa kasi. Kwa Kiingereza. Mtoto wa darasa la nne anamsikia Aku Aku akibwabwaja, anabonyeza X mpaka anyamaze, kwa sababu muda unakwenda. Na anayecheza wawili wawili hakutani naye kabisa.

Kwa hiyo somo la msingi la gemu lilitufikia kwa mdomo, likiwa limemeguka. Ulilipata kwa kaka fulani aliyekaa nyuma yako kwenye benchi: "Dogo, usipige breki kwenye kona. Ruka kwanza." Ni kweli, lakini ni theluthi moja ya somo.

Somo zima liko hivi. PlayStation ina vitufe vinne juu ya pedi, viwili kila upande wa vidole vya shahada. Ukikaribia kona unabonyeza R1 huku umeelekeza gari, gari linaruka kidogo. Unakishikilia, na linapotua linaanza kudrifti, ndiko kuteleza kwenyewe. Hapo chini ya kioo, upande wa kulia, kuna kipimo kinachoanza kujaa. Kinaanza kijani, kinaishia nyekundu. Kikifika nyekundu, huku R1 bado umeishika, unagusa L1 ya upande wa pili. Gari linapata turbo. Kipimo kinaanza tena kujaa, unagusa tena. Mara tatu kwa kuteleza kumoja, basi. Ukigusa mara tu nyekundu inapoanza, turbo inakuwa ndogo. Ukichelewa, kipimo kinapita, injini inakohoa na unapoteza nafasi. Moshi wa gari nao unageuka mweusi wakati mzuri unapofika, ili hata asiyetazama kipimo ajue.

Aliyeambiwa "ruka kwanza" alijua kuteleza. Hakujua kugusa upande wa pili. Alikuwa anazunguka kona vizuri na bado anaachwa, na hakuna namna ya kuona kinachomwacha, kwa sababu mwenzake anaonekana anafanya vilevile. Tofauti iko kwenye kidole kimoja cha kushoto, kilichofichwa nyuma ya pedi.

Hapo pia TV iliingia kwa njia ambayo sijasikia ikisemwa vya kutosha. Tanzania ilitumia mfumo wa TV wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde. Marekani ilitumia NTSC, wenye 60, na namna yake tofauti ya kubeba rangi. Mashine yenye chipu inacheza CD ya Marekani bila shida, lakini TV nyingi za chogo za PAL pekee hazikuweza kuisoma rangi ya NTSC. Picha inatoka nyeusi na nyeupe. Watu walizoea, wakacheza hivyohivyo. Sasa fikiria kipimo kinachokwenda kutoka kijani hadi nyekundu, kwenye TV isiyo na rangi. Ishara kuu ya gemu nzima imefutwa. Fikiria chupa ya kijani na chupa nyekundu zinazotupwa njiani, au sanduku jekundu la TNT na la kijani la nitro. TNT ikikukalia kichwani unaweza kuirusha kwa kurukaruka kabla haijalipuka. Nitro haitoi nafasi, ukiigusa imekwisha. Kwenye kijivu, kilichobaki cha kutofautisha ni maandishi madogo na bahati. Mtoto aliyekuwa bingwa kwenye TV ya namna hiyo alikuwa anasikiliza na kuhisi urefu wa muda, si kutazama. Huo ni ustadi wa kweli, na hakuna aliyemhesabia.

Ngazi inayofuata ndiyo inayotenganisha wachezaji hata leo, na haijaandikwa popote kwenye kioo cha gemu ya 1999. Kila turbo unayopata, iwe ya kuteleza, ya kuruka ukingo na kutua, au ya vibao vya turbo vilivyobandikwa njiani, haikupi msukumo tu kisha ikaisha. Inaongeza muda kwenye hesabu iliyofichwa. Wachezaji wanaiita kwa Kiingereza, mimi naiita akiba. Akiba inapungua kila wakati, na maadamu haijafika sifuri, gari linabaki kwenye kasi ya juu. Ni pipa lenye bomba lililoachwa wazi: ukimimina haraka kuliko linavyovuja, halikauki. Mchezaji wa kawaida anatumia turbo moja, anaacha iishe, anatafuta nyingine. Mchezaji mzuri anamimina mfululizo, kona hadi kona, hata kwenye njia iliyonyooka anateleza kushoto na kulia kama amelewa, kwa sababu kila kuteleza kunampa turbo tatu za kumimina.

Na kuna zaidi. Kasi ya turbo ina madaraja. Ile ya kuteleza ni ya chini. Ile ya vibao ni ya juu zaidi, na kwenye njia chache za mwishoni, Hot Air Skyway na Oxide Station zikiwemo, kuna vibao vyenye nguvu kupita vyote. Ukikanyaga kibao cha nguvu, daraja lako linapanda. Ukiendelea kumimina akiba kwa turbo ndogondogo za kuteleza, daraja halishuki. Linabaki palepale juu. Linaanguka akiba ikikauka, au ukipigwa silaha. Maana yake mtu aliyekanyaga kibao kimoja anaweza kukaa na kasi ile kwa sehemu kubwa ya mzunguko, na mwingine aliyekanyaga kibao kilekile ameipoteza kabla ya kona ya pili. Kwenye kioo wote wawili walionekana wamepata turbo moja.

Hiki ndicho naona kuwa kiini cha ugumu wa gemu hii. Waliobuni walificha kanuni kuu chini ya kanuni ndogo. Anayecheza juujuu anapata mbio za kufurahisha, masanduku na mabomu. Anayechimba anakuta gemu nyingine kabisa. Sisi tulikuwa tunashindana na watu wa kundi la pili bila kujua kwamba kundi hilo lipo.

Matunda ya wumpa ni sehemu ya mfumo huohuo. Ukifikisha kumi, gari linaongezeka kasi kidogo na silaha zako zinabadilika kuwa kali zaidi. Watoto wengi waliyaona kama pambo. Mwanzo wa mbio pia una siri yake: ukikanyaga mafuta kwa wakati sahihi taa zikiwaka unatoka na turbo, ukikanyaga mapema mno injini inafoka moshi na wenzako wanaondoka. Hili lilijulikana mabandani, hata na wadogo.

Vipi kuhusu madereva wa kompyuta? Hapa lawama ni nyingi na nyingine zina haki. Mabosi wanne na Oxide wanadondosha silaha nyuma yao bila kikomo, wakati wewe unavunja sanduku moja moja. Oxide anaondoka kabla taa haijageuka kijani. Hilo si ndoto za utotoni, anaondoka kweli, kila mara. Waliobuni walitaka aonekane mdanganyifu, nao walifanikiwa.

Lawama ya pili ni kwamba kompyuta "haiachiki": ukienda vizuri inakuja, ukiharibu inakungoja. Gemu nyingi za vigari zimejengwa hivyo, na Mario Kart 64 ya 1996 ndiyo inayotajwa sana. Wapinzani wanaongezewa kasi wakiwa nyuma na kupunguziwa wakiwa mbele, ili mbio zisipoe. Silaha nazo zinagawanywa kwa nafasi: wa nyuma anapata kinyago au tufe linalomwinda anayeongoza, wa kwanza anapata vitu vya kuacha njiani. Kwa hiyo mtoto aliyeona kwamba kuongoza mapema ni hatari aliona sawasawa. Kwenye gemu za aina hii, sehemu ya mbio inatengenezwa ili msiachane mbali.

Lakini kuna upande wa Crash Team Racing usio na upendeleo wa namna hiyo, nao ni mbio za muda. Hakuna silaha, hakuna mpinzani wa kukuongezea wala kukupunguzia. Upo wewe na njia na saa. Ukiweka muda mzuri, kinatokea kivuli cha N. Tropy, dereva mwingine wa gemu, yaani uendeshaji wake uliorekodiwa, kinachokimbia mbele yako bila kukugusa. Ukimfunga Tropy, kinakuja kivuli cha Oxide. Ukimfunga Tropy kwenye njia zote, unaruhusiwa kumtumia kama dereva wako. Hapa ndipo ugumu halisi ulipowekwa, na mabandani karibu hakuna aliyeugusa, kwa kuwa nani alipe shilingi 100 kukimbia peke yake?

Sasa tumrudie yule bingwa wa mtaa anayesema gemu imekuwa ngumu zaidi. Watu wanamcheka kwamba amezeeka. Tuupime uzee huo. Mtu mzima akiona mwanga na kubonyeza kitufe, anatumia takriban robo sekunde, milisekunde 200 hadi 250. Uwezo huu unakua tangu utotoni, unafika kileleni miaka ya ishirini, kisha unapungua polepole sana. Mtoto wa miaka kumi ni mzito kuliko mtu wa miaka thelathini na tano, si mwepesi. Kwa kipimo hiki bingwa wetu leo ana mkono bora kuliko alipokuwa darasa la tano.

Tazama badala yake TV yake. TV ya chogo haina kumbukumbu ya picha. Mawimbi yanaingia nyuma, miale inapiga kioo papo hapo, unaona. TV bapa ya leo inapokea picha, inaihifadhi, inaisafisha, inaikuza ijaze kioo, ndipo inaionesha. PlayStation ya kwanza, ikiunganishwa kwa nyaya zile za njano, nyeupe na nyekundu, inatoa picha ya mistari michache ambayo TV nyingi bapa hazielewi. Zinadhani ni nusu ya picha, zinasubiri nusu ya pili ili ziunganishe, wakati hakuna nusu ya pili. Kusubiri huko kunaweza kufikia milisekunde 100 kwenye TV nyingine. Gemu hii inaonesha picha takriban 30 kwa sekunde, kila moja milisekunde 33. Basi kipimo unachokiona kikigeuka nyekundu kiligeuka picha tatu zilizopita. Unagusa L1 kwa wakati, gemu inasema umechelewa.

Mtu ambaye mwili wake umekariri mapigo ya chogo ndiye anayeumia zaidi. Asiyewahi kucheza atajifunza mapigo mapya bila kujua. Bingwa anapigana na kumbukumbu yake mwenyewe, na kila injini inayokohoa inamwambia kwamba amepoteza mkono. Hajaupoteza. Amecheleweshwa na TV kwa kiasi ambacho uzee usingeweza kukifikia hata katika miaka mingi.

Dawa zipo na si za gharama. Kwenye TV nyingi bapa kuna mpangilio unaoitwa wa gemu, unaozima usafishaji wa picha. Washa huo kabla ya kitu kingine. Anayecheza kwa kompyuta kupitia emuleta, programu inayoiga mashine ya zamani, atafute inayoweza kukimbiza hesabu mbele kidogo ili kufuta ucheleweshaji, kama DuckStation inavyofanya. Atumie pedi ya waya. Simu ya kugusa achana nayo kwa gemu hii. Kudrifti kunahitaji vidole viwili vya shahada nyuma ya pedi wakati dole gumba la kulia limeshikilia X na la kushoto linaelekeza gari. Vidole vinne kwa wakati mmoja kwenye kioo laini havina pa kukaa wala havijui vimegusa nini. Na kama una chogo inayofanya kazi stoo, usiiuze kwa fundi wa vyuma chakavu. Kwa kazi hii haina mpinzani.

Mwaka 2019 gemu ilitengenezwa upya na Beenox, chini ya Activision, ikaitwa Crash Team Racing Nitro-Fueled. Inafaa kuitaja kwa sababu moja kubwa: ilifichua. Moto unaotoka nyuma ya gari unabadilika kadiri daraja la kasi linavyopanda, mpaka bluu kwa daraja la juu kabisa. Kile ambacho mwaka 1999 kilijulikana kwa wachunguzi tu, sasa mtoto anakiona kwa macho. Oxide naye, ambaye kwenye ya zamani huwezi kumchagua, humo unaweza. Wapo wanaosema toleo jipya ni gumu zaidi, na kwa mbio za muda huenda wana hoja, kwa kuwa kanuni ikishaonekana na kila mtu, viwango vinapanda. Mimi bado nampendekezea anayeirudia aanze na ya zamani, kwa kuwa maswali yake ya utotoni yako humo.

Akianza, asianze na safari. Afungue mbio za muda, achague Crash Cove au Coco Park, njia fupi zenye kona pana. Achukue dereva Crash au Cortex, ambao hawajapungukiwa sana upande wowote. Polar na Pura wanageuka vizuri lakini mwendo wao wa juu ni mdogo, Tiny na Dingodile wana mwendo ila kona zinawasumbua asiyezoea. Asitazame saa. Kazi ya kwanza iwe kugusa mara tatu kila kona, hata kama anagonga ukuta baadaye. Mikono ikiwa imepoa, na Mbeya ya Juni na Julai inapoza kweli, aipashe kwanza, kwa sababu kidole kilichokufa ganzi kinachelewesha kama TV mbovu. Kona zikishakubali, aanze kuunganisha: kutoka kwenye kona asinyooke, ateleze upande wa pili papo hapo, ili akiba isikauke katikati.

Muda utashuka wenyewe mpaka Tropy atokee. Kivuli chake kina faida kuliko maelezo yote haya, kwa kuwa unakikimbilia kwa nyuma na kukitazama: anaruka wapi kabla ya ukingo, anaanza kuteleza mita ngapi kabla ya kona, njia ipi iliyonyooka hanyooki. Ukimpita na Oxide akachukua nafasi yake, kuachia akiba ikauke kwenye kona mbili tatu kunatosha kumpoteza machoni.